Jumamosi ya Ngurumo Ofisini Natta

Nyamisangura, Tarime
Jumatatu, 23 Machi 2026

Mdogo wangu Kornelio,

Nakusalimu kwa upendo wa tumbo moja. Sisi huku ni wazima, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo unalijua tangu zamani na halina habari mpya. Yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike. Natumaini wewe, wifi yangu Lilian na mtoto mchanga mnaendelea vizuri. Mwambie Lilian asiache uji wa ulezi eti kwa sababu nimeondoka. Maziwa ya mama hayaji kwa soda.

Utashangaa kupata barua wakati simu zipo. Wiki iliyopita nilikupigia mara tatu, na mara zote nilijikuta nakuuliza habari za mbuzi. Kwa hiyo nimenunua daftari. Mwanangu Mokami alitaka nimtajie maneno ayachape kwenye kompyuta, nikakataa. Nataka uone mwandiko wangu huu wa darasa la saba, ambao walimu waliuchapa viboko na haukunyooka, ili mtu yeyote asije akasema maneno haya ameyatunga Mokami. Yeye anadhani nakuandikia habari za ndama.

Kwanza nikueleze mtoto huyu anavyofanya kazi, maana wewe ulimwona kazini siku mbili tu, tena siku mbaya. Ofisi yake ni kile chumba kilichokuwa stoo ya mahindi. Anakaa pale na kompyuta yake ya mapajani, kanga yangu mabegani, chai pembeni, halafu anaingia ndani ya kompyuta ya watu wa Kerende. Mwili uko Tarime, mkono uko Kerende. Wenyewe wanamsomea kwa simu namba yenye tarakimu tisa iliyotokea kwenye kioo chao, wanabonyeza kukubali, basi, anaona kila wanachokiona. Juzi Tomaso, karani wa huko, alilalamika kwamba tangu kompyuta yake ifanyiwe apdeti, printa imekufa. Mokami akamwambia haijafa, imesahaulika tu, kwa sababu programu mpya haiijui printa ya zamani mpaka zitambulishwe upya. Akaingia, akazitambulisha, akatoa karatasi ya majaribio iliyoandikwa "Shikamoo mzee Tomaso." Tomaso akapiga simu kusema wametoka wote nje na hawarudi ndani mpaka waelezwe nani ameandika. Nilicheka mpaka goti likauma.

Kwenye jumuiya yetu kuna akina mama wanaojisifu kwa watoto walioko Mwanza. Mimi huwa nawauliza tu kama mtoto wao anaweza kutoa karatasi Kerende akiwa amekaa Tarime anakunywa chai. Kisha tunaendelea na sala.

Sasa nije Natta.

Unakumbuka nilikuja mwezi wa pili kumsaidia wifi baada ya kujifungua. Na unakumbuka nilivyosema ofisini kwenu, mbele ya wajumbe wa umoja wenu wa maziwa na mboga, kwamba mimi na kompyuta tunaelewana, na kwamba Mokami akikwama huwa ananiuliza. Mzee mmoja aliniuliza kama ninaweza kumtibia na redio yake. Nikamjibu ailete. Wewe ulicheka, ukasema dada yangu huyu angesoma angekuwa mkuu wa wilaya.

Jumamosi ile ya tarehe 28 ndiyo aliyopanga Mokami kuipandisha kompyuta kubwa ya ofisi, ile yenye orodha ya kambi za watalii na mahitaji yao, kutoka toleo la zamani ambalo wenyewe waliolitengeneza wameacha kulilinda, kwenda toleo jipya. Saa nne ulimsomea namba, akaingia. Haikupita nusu saa Lilian akakupigia kwamba mtoto ana homa, ukakimbia kumpeleka zahanati. Ukamjulisha Mokami kwamba nabaki mimi, ukaniachia ufunguo na neno moja: mtu asiguse. Nikakaa kwenye kiti chako. Kornelio, kile kimshale kilikuwa kinatembea chenyewe kwenye kioo, kinafungua hiki, kinafunga kile, na mimi nikajua ule ni mkono wa mwanangu. Akina mama waliokuwa wameleta maziwa niliwaita mlangoni waone. Mmoja alisema ni mashetani. Nikamwambia shetani huyo nimemzaa mimi, kwa uchungu wa siku mbili.

Uliporudi mvua ilikuwa imekatika, na ukakuta kioo ni cheusi na mistari michache ya Kiingereza. Ukaniuliza nani amegusa. Nikasema hakuna, hata nzi hajatua. Ukampigia Mokami pale pale, sauti imewekwa juu, ukamuuliza ameifanya nini kompyuta ya watu. Yeye akauliza kama umeme ulikatika. Ukamwambia friji ya duka la jirani inanguruma tangu asubuhi na haijanyamaza hata mara moja. Mokami akasema, "Samahani mjomba. Kosa ni langu. Nakuja."

Alifika Jumapili, akakaa siku mbili mbele ya ile kompyuta. Kila kitu kilirudi, kwa sababu Ijumaa, siku moja kabla, alikuwa ametunza nakala. Lakini mzigo wa Jumatatu asubuhi ulikuwa umeshaondoka bila orodha. Kambi moja ilipelekewa maziwa mara mbili, nyingine haikupata hata kikombe, nyanya zikaozea kwenye matenga. Najua wanachama walikusema vibaya. Hasira yako naielewa.

Ila kuna kitu nilikisikia nikiwa jikoni kwenu. Tangu Mokami azaliwe hujawahi kumwita jina lake. Unamwita mama, kwa sababu amebeba jina la marehemu mama yetu, na hata alipokuwa wa kubebwa mgongoni ulikuwa unamwamkia shikamoo watu wanacheka. Siku zile mbili ulimwita fundi. Fundi, chai hii hapa. Fundi, bado tu? Usiku tulipolala naye, alilala ameangalia ukuta.

Sasa nimesikia kwamba Alhamisi hii kamati inakaa ili kumwondoa kwenye kompyuta zenu zote nne na kumleta mtu mwingine, na kwamba wewe ndiye utakayesimama kulisema hilo. Ofisi mbili za Mugumu zilizokuwa zimemwahidi kazi zimeacha kupokea simu yake. Halalamiki. Anafuta vumbi kwenye kompyuta ambayo haina vumbi.

Jumanne iliyopita, mchana, alikuwa anaipandisha kompyuta ya duka moja la pembejeo hapa mjini. Wingu likaja kutoka upande wa Sirari, likaanza kunguruma. Unajua mama alivyotulea: radi ikilia, kioo kinageuzwa ukutani, redio inazimwa, mwenye nguo nyekundu anaondoka mlangoni. Mikono yangu hainiulizi. Nikapita nachomoa televisheni, nachomoa birika, nachomoa chaja za simu, nikaingia chumbani kwake. Mokami alikuwa ameangalia kioo chake. Hakugeuka. Alinyoosha tu mkono nyuma, akafunika soketi kwa kiganja, akasema taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse sufuria ya moto, "Mama, hii usiichomoe."

Nilisimama pale na chaja mkononi. Nikajua kwamba anajua, na kwamba amejua siku zote.

Kornelio, ni mimi niliyeichomoa.

Jumamosi ile ofisini kwenu, kimshale kilikuwa kimepotea, kioo kimekuwa cha bluu, kuna kiduara kinazunguka na namba thelathini ambayo haibadiliki. Upande wa hifadhi kulikuwa kweusi tii, radi zinapiga karibu. Nami nikawaza, kama mkono wa mwanangu unaweza kutoka Tarime ukafika hapa Natta, basi radi ya Natta nayo inaweza kuifuata njia ile ile ikamkuta amekaa Tarime. Usinicheke. Wakati ule sikuona kompyuta, nilimwona yeye. Nikachomoa, nikaifunika kwa kanga. Mvua ilipopungua nikarudisha waya, ikaja ile mistari ya Kiingereza, ukaingia wewe. Na wale akina mama niliowaonyesha kimshale walikuwa bado wamejikinga barazani, wananisikiliza mimi, bingwa wa kompyuta. Ulimi ukakataa.

Nilimuuliza Mokami amejua lini. Akasema ni pale ulipotaja friji. Umeme ulikuwepo na kompyuta moja tu imezimika, kwa hiyo ni mkono wa mtu, na ofisini alikuwepo mtu mmoja. Nikamuuliza kwa nini basi alijitwisha kosa langu. Akasema anayefanya kazi kwa mbali inampasa kujua nani amekaa karibu na soketi na kumpa maelekezo, na yeye hakunipigia kunipa. Nilipomweleza habari ya radi kumfuata, alivua miwani akaifuta muda mrefu. Halafu akaomba chai.

Ninachokuomba ni hiki. Alhamisi, kabla hujasema lolote, isome barua hii mbele ya kamati, yote, hata pale nilipojisifu, maana wao walikuwepo wakanisikia. Yule mzee wa redio acheke ashibe. Wakitaka kumwondoa mtu waniondoe mimi, msinipe ufunguo tena. Na waambie wanunue lile sanduku la betri la kuikinga kompyuta umeme ukikatika. Mokami aliwaambia tangu mwaka jana, na hilo nalo nalisema kwa kujisifu.

Athanas wa basi la Mugumu anaondoka na barua hii kesho asubuhi, na ameniahidi itafika mikononi mwako. Nakutumia pia ulezi kidogo kwa ajili ya Lilian. Mbusu mtoto, nisalimie majirani wa duka lenye friji, na akina mama wa maziwa waambie nawakumbuka.

Namba ya Mokami ni ile ile. Ukishamaliza kikao mpigie, wala usiwe na maneno mengi. Mwamkie tu kama ulivyokuwa unamwamkia zamani, atajua kwamba barua haikuwa ya ndama.

Ni mimi dada yako anayekupenda,

Wegesa
(Mama Mokami)