Shimo la Ndizi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku mlimani tu wazima, na babu yako kikohozi kimemwacha.

Unauliza utamwachiaje Mungu suala la kazi bila wasiwasi. Wasiwasi mimi haujanitoka. Nilipokuwa msichana, mama alivundika ndizi shimoni, akafunika kwa majani na udongo, akasali, akaenda shamba. Mimi nikashuku panya, nikashuku jirani, nikashuku hata ile sala. Nikawa nafukua nachungulia. Joto likatoka, ndizi zikabaki ngumu.

Mama akaniuliza, "Tumemkabidhi Mungu, au tumemwazima tu?"

Mpaka leo nasali jicho moja liko wazi. Ila mikono naifunga ndani ya kanga, isifukue.

Bibi yako