Mama Mkwe Aliposema Nitoe Mkono

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kubeba jambo hili, maana leo ni siku ya tisa watu wananisifu na kila sifa inanichoma. Mimi ni daktari, mwaka wangu wa pili kazini, na kwenye chumba cha dharura ninapofanya kazi yupo muuguzi wa miaka mingi ambaye ndiye mama mzazi wa mke wangu, kazini ananiita daktari, nyumbani ananiita baba, na kwa heshima ya ukwe hatujawahi kubishana hata kuhusu chumvi. Saa nne asubuhi siku hiyo akaingia fundi rangi analalamika kifua, mkewe amemshikia viatu, na kabla sijamaliza kumuuliza jina akaanguka, hana mapigo, hapumui. Mwenzetu akaanza kumkandamiza kifua, mama mkwe akambandika waya za mashine ya mshtuko wa umeme, mstari kwenye skrini ukawa unatetemeka ovyo, na mimi badala ya kuagiza mshtuko nikashika sindano ya adrenalini, kwa sababu, nitasema ukweli, sijawahi kumpiga mtu umeme na niliogopa kumuua.

Mama mkwe akasema taratibu, “Daktari, moyo unatetemeka. Huu unataka umeme.”

“Nimesema dawa,” nikamjibu kwa ukali.

Hakubishana. Akachaji mashine, akawaambia wote wasogee, nami bado nimeng’ang’ania mkono wa mgonjwa natafuta mshipa. Akanitazama. “Toa mkono, mwanangu.” Nikatoa. Akabonyeza.

Mshauri, mwili uliruka mara moja ukatulia, mwenzetu akaendelea kukandamiza, na baada ya kama dakika mbili yule fundi akainua mkono wenye madoa ya rangi ya bluu akamsukuma, kama mtu anayesumbuliwa usingizini. Tangu hapo nikikaa peke yangu nausikia moyo wangu ukidunda na nashangaa ni nani anayeushikilia.

Sasa mganga mkuu, akidhani mimi ndiye niliyeagiza umeme, anataka kunipongeza Ijumaa mbele ya wafanyakazi wote, mke wangu ameshawapigia simu ndugu zake, na mama mkwe nilipomfuata akasema, “Funika kombe, baba. Mgonjwa amepona.” Nikisema nitamponza, maana alinipita bila ruhusa. Nikinyamaza, nitamtazamaje?

Daktari mwenye aibu

JIBU:

Daktari, pole, sasa kaa nikuambie. Uliogopa kumuua mtu asiye na mapigo wala pumzi? Hofu ilijifanya utaalamu, basi. Mimi si mtu wa dawa, kwa hiyo nilimpigia dada yangu anayefundisha wauguzi. Akasema moyo unaotetemeka hivyo hutulizwa kwa umeme, na kila dakika ya kuchelewa inamla mgonjwa. Adrenalini ina zamu yake baadaye, ila mstari ukiwa umenyooka kabisa, hapo umeme haufai kitu na dawa ndiyo ya kuwahi. Lakini haya uliyajua. Ulifaulu mtihani wake.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama pale mama huyo alipokuita mwanangu. Mtu alikuwa anaondoka duniani mbele yake, naye bado alipata nafasi ya kukuomba kwa upole usije ukaumia. Kisha akataka kukusitiri. Na wewe unafikiria kukubali?

Usingoje Ijumaa. Leo mwambie mkeo, maana anayekusitiri ni mamake. Mwambie yote, pamoja na huo ukali wako. Kesho mwambie mama mkwe kwamba utasema, usimwombe ruhusa. Halafu ingia kwa mganga mkuu, andika taarifa uisaini: niliagiza vibaya, muuguzi akanirekebisha. Akiulizwa kwa nini alikupita, jibu ni lako. Na uombe mazoezi ya mashine ile mpaka uizoee, ufundishwe na huyo huyo mkweo.

Fundi na mkewe watakaporudi kliniki watakutafuta wewe wakushukuru. Toka nao chumbani mwako, uwapeleke hadi alipo mama, useme, “Ni huyu.” Usiongeze neno.