Nimekataa Uimbishwe

Mize, shoga yangu,

Mola alitie nuru kaburi lako. Nakuandikia na hasira zangu, nawe hutashangaa, maana hujawahi kuniona nikishika kalamu bila hasira.

Jumamosi nimeimba harusini Mtambile, mara ya kwanza tangu tukuzike. Nimeimba peke yangu. Miaka yote tulikuwa wawili: mimi natoa beti, wewe unaitikia. Wapigaji wetu wametawanyika. Amebaki Khamis na kinanda chake cha umeme, na mle ndani mna ngoma, fidla, zumari, kila kitu. Nikajiambia, haya, nitasimama mwenyewe. Kumbe Khamis alikuwa amekutia na wewe mle ndani.

Amekata sauti yako kutoka harusi ile ya Wingwi waliyoirekodi kwa simu. "Bi Riziki, wewe imba tu," akaniambia, kidole kiko juu ya kitufe. "Bi Mize atakuitikia hapa hapa." Mama wa bibi harusi akafurahi: "Watu watalia wenyewe!" Kana kwamba kilio nacho ni chakula cha harusi, kipakuliwe pamoja na biriani.

Niliwaka. Nikawaambia maiti huombewa dua, haimbishwi. Nikawaambia wewe hukuwahi kuniitikia namna moja mara mbili. Nikijivuna, ulishusha sauti kwa kebehi mpaka wanawake wakacheka. Nikikaukiwa koo, ulininyang'anya ubeti kabla sijakuomba, kisha ukaninong'oneza, "Pumua wee, miye nipo." Kinanda kitajuaje kwamba koo limenikauka? Nimesoma vitabu chungu nzima vinavyomtukuza mwanamuziki anayesimama peke yake, eti huyo ndiye huru. Basi waandishi wa vitabu hivyo na waje Mtambile, wasimame mbele ya wanawake waliojifukiza udi, waliokuja kusikia wimbo na hawana huruma.

Kila mtu nilikuwa na jibu lake. Kisha Maryam, binti yako, akanishika mkono. "Mama Riziki, miye nataka kumsikia mama tu."

Nilimwambia, mwanangu, msikilize nyumbani, hapa hapana. Akauachia mkono wangu, akaenda kukaa nyuma kabisa, karibu na masufuria.

Khamis akaizima sauti yako, nami nikaimba. Vibaya. Katika ubeti wa pili, nilipofika pale pako pa kuitikia, nikanyamaza kwa mazoea. Kinanda kikaenda zake, nami nikawa nakikimbilia kama mtu aliyeachwa na gari. Mmoja akapaza sauti, "Bi Riziki wa maneno mengi, leo yamekwisha?" Ukumbi mzima ukacheka. Angekuwa anasemwa mwingine, hata mimi ningecheka.

Sasa nimejua maana ya kuimba peke yako: unakosea, na hapana wa kukufunika.

Khamis keshaniambia kuna harusi Kiuyu, nao wanaitaka sauti yako. Nikikataa atatafuta mwimbaji mwingine. Atampata. Wapo tele. Nimemtaka aifute, hajanijibu. Na Maryam hajakanyaga kwangu tangu siku ile. Huenda nimekulinda wewe nikamuumiza mwanao. Ungekuwapo ungenitukana, tena mbele za watu, na ningekujibu, tukagombana mpaka tukachoka. Hapana mtu wa kugombana nami hivyo sasa. Wananiogopa, au wananicheka.

Kwaheri, shoga yangu. Kesho nitakwenda kwa Maryam, hata akinifungia mlango. Akinifungulia, tutakaa chumbani kwako tukusikilize, tulie tuwezavyo. Nitajifunza nyimbo zisizo na mwitikiaji, kwa umri huu huu, na wanicheke tena. Lakini mbele za watu, maikrofoni ikiwa mkononi mwangu, hutaimbishwa. Naahidi.

Umekwisha kuimba, Mize. Lala.

Riziki