Masahihisho ya Ukurasa wa Pili

Jumamosi. Iringa. Manyunyu na upepo wa baridi tangu asubuhi.

Nimerudi kutoka Kalenga, kwenye arobaini ya Mwalimu Festo.

Alifundisha ngumi hapa mjini miaka mingi, ndani ya ghala la mahindi. Ukutani alibandika picha moja tu: bondia mweusi wa Marekani, uzito wa juu, wa zaidi ya miaka mia iliyopita. Kila mwanafunzi mpya aliuliza kama huyo alikuwa bingwa wa dunia. Jibu lilikuwa lilelile: "Aliomba pambano. Mabingwa weupe wakasema hawapigani na mtu mweusi."

Nikiwa mwandishi wa michezo Mbeya, niliandika habari za bondia huyo. Nilihesabu rekodi yake, nikakuta amepigwa na mtu mmoja mara nyingi. Nikamwita mteja wa vipigo. Hesabu ilikuwa sahihi, nami nilijivunia usahihi.

Mwalimu akapanda basi hadi Mbeya, gazeti kwapani.

"Mwanangu, vipigo umehesabu. Mbona hukuuliza kwa nini alipigana na mtu yuleyule?"

Nikamjibu rekodi ni rekodi.

"Wewe ukiwa refa, utamhesabia hadi mtu aliyelala kitandani kwake!"

Chumba kizima cha habari kilicheka. Hata mimi. Kisha akanieleza taratibu: yule mpinzani naye alikuwa mweusi, naye alikataliwa. Walibaki kuumizana wao kwa wao, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kupanda nao ulingoni.

Nikaahidi masahihisho, ukurasa wa pili, mahali pake pa siku zote.

Mhariri aliuliza, "Marehemu wa Marekani atamlalamikia nani?" Sikubishana, na masahihisho hayakutoka.

Kosa hilo ni langu, si lake.

Leo mjane wa Mwalimu amenipokea mlangoni kwa salamu ya Kihehe. "Kamwene, mwandishi. Umekuja, lakini mwenyeji wako hayupo." Akanikalisha, akamimina chai. "Mzee wangu kila akinunua gazeti anaanza na ukurasa wa pili. Namuuliza, baba Neema, leo mpira husomi? Ananiambia, subiri kwanza, kijana wangu aliahidi."

Alianza na ukurasa wa pili mpaka macho yalipomkatalia. Baada ya hapo alimwomba mkewe amsomee.

Nilikunywa chai yote.

Gazeti lile halichapishwi tena. Naandika hapa, kwa muundo tuliofundishwa:

Tuliandika kwamba bondia huyo alikuwa mteja wa vipigo. Usahihi ni kwamba mabingwa weupe wa zama zake walikataa kupigana naye kwa sababu ya rangi yake, na sisi hatukuuliza. Tunaomba radhi.

Jumatatu nitayachapa masahihisho haya kwenye karatasi niyapeleke Kalenga. Nitamwomba mjane anisikilize nikiyasoma, kwa sauti, mara moja, ndani ya nyumba ambamo Mwalimu aliyasubiri.