Gunia Moja, Kadi Moja

Jumatatu, 6 Oktoba 1969
Nimefungua chumba cha mizani saa moja na nusu. Nimepangusa vumbi la karafuu, nimejaribu mizani kwa jiwe. Sawa. Gunia la kwanza, dakika moja. Kisha kungoja. Amri ni kuwa gunia lisishuke mizanini mpaka kadi yake ipande ghorofani kwa mkuu, ipigwe muhuri, irudi. Dakika nne. Saa saba za kazi, magunia 84. Mkuu kaniita. "Mizani yako nzito, fundi." Mizani niliyoifufua kwa mikono yangu. Sikusomeshwa na mtu.

Jumanne, 7 Oktoba
Wataleta mizani mpya, ya mshale. Nusu dakika kwa gunia. Nimepiga hesabu. Nusu na nne ni nne u nusu. Magunia 93. Mbio mara mbili, yamezidi tisa tu. Lakini kwa mizani hii hii ya zamani, nikipima kumi, kadi kumi zikapanda pamoja, dakika 14. Kwa siku, 300. Nimempelekea mkuu karatasi. Kaiwekea kikombe cha chai juu yake.
Nimerudi nyumbani Ng'ambo. Mkate. Tangu mke wangu Zuhura arudi kwao sina wa kumwambia hata hesabu.

Alhamisi, 9 Oktoba
Wingu zito. Bi Mize wa Mangapwani siku ya pili anangoja, magunia yake kumi ya karafuu yako uani.
"Mwanangu, nimezianika siku tano. Zikirowa zitaota ukungu. Unangoja nini?"
"Muhuri, Bi Mize."
"Kwani huo muhuri unatembelea mkongojo?"
Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikapima yote kumi mfululizo, yakaingia ghalani, kadi nikazipandisha pamoja. Dakika 14. Mvua ilishuka dakika ya 16.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimetolewa mizanini. Kosa langu, nimeshusha magunia bila muhuri. Nimepewa sindano, nashona midomo ya magunia yaliyokwishapimwa. Wenzangu wananipita kama nguzo. Wanaogopa. Nimeumia.

Jumatatu, 20 Oktoba
Mizani mpya imeanza. Nzuri, sikatai. Kadi bado zinapanda mojamoja. Kila gunia limepita mkononi mwangu, kwa hiyo nimehesabu bila kuulizwa.
Nyumbani nimefungua daftari hili, ukurasa wa Jumanne ile. 93, mwandiko wangu. Leo nimeshona 93.
Nimeitazama namba hiyo kidogo. Kisha nikateleka chai, kikombe kimoja.