Uji wa Kasuku

Mjukuu wangu Wakesho,

Huku Mwatate hatujambo. Mvua imenyesha, na ng'ombe wa shangazi yako amezaa. Umeniuliza kwa nini Krismasi nilikudaka mkono ukimlisha mtoto uji, mpaka kijiko kikaanguka. Siku ile sikukujibu kwa sababu wageni walikuwa wengi.

Miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka kumi, baba alikuwa akikata mkonge. Jioni moja aliniletea kinda wa kasuku, hana hata unyoya. Nilimlisha uji kwa kijiko, na kila akiniona alipanua mdomo. Asubuhi moja nilikuwa nachelewa shule, nikampa uji bila kuupoza. Akaumeza wote.

Siku ya nne, nikimlisha, uji ulitiririka kifuani pake. Nilidhani umemwagika, nikapangusa. Ukatoka tena. Chini ya shingo palikuwa na tundu, na uji ulikuwa unapitia hapo. Nikampeleka kwa mama.

Mama alimtazama, akaniuliza, "Ulimpa wa moto?"

"Lakini alikula, mama. Hakulia."

"Angelia saa ngapi, na wewe unamjaza mdomo?"

Akamshona kwa sindano na uzi. Kesho yake nilimwendea nikijua atanikimbia. Aliponiona tu, akapanua mdomo.

Wakesho, sijawahi kushtuka tena kama nilivyoshtushwa na mdomo ule. Uji wa mtoto uonje wewe kwanza.

Nyanya yako