Korongo wa Baba Yako

Ognyan mwanangu, bingwa wa Bulgaria,

Mkono umepona? Huku miplamu imechanua, na yule mbuzi mkorofi kazaa mapacha.

Fainali tuliitazama kwenye televisheni. Mwamuzi alipotaka ukate ule uzi wa heri niliokufunga mkononi Machi mosi, usiotolewa kwa mila yetu mpaka aonekane korongo wa kwanza wa mwaka, ukamgomea: "Siukati mpaka nimwone korongo!" Baba yako, aliyeapa hatatazama ngumi zako maisha, akaruka kumpigia kocha simu: "Korongo katua hapa kwenye nguzo yetu, namwona! Mwambie huyo mkaidi akate, apigane!"

Ukakata, ukashinda, naye akacheza na majirani mpaka kiatu kikapasuka.

Ila mwanangu, usimwambie kwamba nimekuambia: korongo wa kwanza katua leo asubuhi.

Mamako akupendaye,
Stoyanka